Mwenye presha asianguke: mwongozo wa nyumbani, shambani na barabarani

Kwenye misiba ya huku kwetu Uru, Kilimanjaro, inapofika zamu ya kusoma historia ya marehemu, kuna maneno nimeyasikia mara nyingi hadi nayajua kabla msomaji hajayatamka: "Alianguka bafuni, akakimbizwa hospitali, mauti yakamfika." Waombolezaji wanaguna. Mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Presha hiyo." Basi, yameisha. Hakuna anayeuliza kipi kilitangulia. Presha ndiyo iliyomwangusha, au aliteleza kwa sababu nyingine kabisa, kichwa kikagonga sakafu, halafu presha ikasingiziwa?

Mimi ni nesi. Nimekaa kwenye meza ya kupimia presha hapa Moshi miaka mingi, na swali hilo nilijifunza kuliuliza baada ya kukosea nyumbani kwetu. Baba yangu ana presha. Nilikuwa nikipanda kwake Jumapili baada ya ibada, nampima akiwa amekaa kwenye kochi, napata 138 kwa 82, namwambia, "Baba, uko vizuri." Anajibu, "Ahsante mwanangu," tunakunywa chai. Jumatano moja akachuchumaa kwenye migomba kung'oa magugu, simu ikaita, akainuka haraka kuitoa mfukoni. Wakamkuta amelala kando ya mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, mkono umevunjika. Alipotoka hospitali ndipo nilipokumbuka kumpima akiwa amesimama. 112 kwa 70. Miezi yote ile nilikuwa nampima mzee wa kwenye kochi, na aliyeanguka ni mzee wa shambani.

Haya ninayoandika ni kwa mwenye presha na kwa wanaoishi naye. Daktari wako anaijua hali yako kuliko mimi, kwa hiyo penye mgongano mfuate yeye.

Kabla ya hatua zenyewe: presha inaangushaje mtu?

Kwa njia tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu dawa yake si moja.

Ya kwanza ndiyo inayojulikana: presha inapanda miaka na miaka, mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka, mtu anapata kiharusi akiwa amesimama, juu ya ngazi au nyuma ya usukani. Ya pili ni kinyume chake. Mtu anasimama, damu inabaki miguuni, presha inashuka ghafla, macho yanaingia giza, anakwenda chini. Ya tatu ni mabaki: macho yaliyoharibiwa na presha ya muda mrefu, au mguu uliolegea baada ya kiharusi kidogo ambacho hakikutibiwa, ule ambao watu husema "alipatwa na baridi".

Watu wakisikia hiyo ya pili, haraka wanasema, "Kumbe dawa ndizo zinazoangusha, naacha." Hapana. Presha isiyotibiwa nayo inakakamaza mishipa, na mwili unapoteza ule wepesi wa kujirekebisha mtu anaposimama. Kwa hiyo unaweza kuacha dawa zote, presha ya kukaa ikafika 180, na bado ukapata kizunguzungu kila unapoinuka. Utakuwa umepoteza pande zote mbili.

Na tusidhani hili ni jambo la watu wachache. Wilaya ya Hai, hapo jirani tu, ni sehemu iliyochunguzwa sana kwa habari ya presha na kiharusi. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta karibu wazee saba katika kila kumi wenye miaka 70 na zaidi wana presha, na wengi wao walikuwa hawajui.

Hatua ya 1: Pima ukiwa umekaa, kisha pima ukiwa umesimama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu upimaji mbovu ndio unaoharibu kila kinachofuata.

Mtu anashuka kwenye Noah, anapanda mlima mdogo wa kuja kliniki, anafika akihema, anakaa, mkono unatiwa mashine wakati anamweleza nesi habari za mkwe wake. Inasoma 165. Anaongezewa dawa. Wiki mbili baadaye anaanguka. Sasa hiyo 165 ilikuwa presha, au ulikuwa mlima na mkwe?

Fanya hivi. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, usikunje nne. Tulia dakika tano, kimya. Mkono uwe wazi, si juu ya sweta (najua Arusha mwezi wa saba ni baridi, vua tu huo mkono mmoja), na uwekwe mezani uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba inapanda pia. Mama mwenye mkono mkubwa aombe kile kikubwa bila aibu. Pima, subiri dakika moja au mbili, pima tena. Namba za 140 kwa 90 au zaidi, zikirudiwa siku tofauti, ndiyo presha ya kupanda.

Halafu sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka. Ukiwa bado na kitambaa mkononi, simama. Simama karibu na kitanda au kochi ili kizunguzungu kikija ukae, na awepo mtu pembeni. Pima baada ya dakika moja, pima tena ikifika ya tatu, mkono ukiwa umeshikiliwa usawa wa moyo. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, una presha ya kushuka unaposimama, hata kama namba zako za kukaa ni nzuri mno. Hilo ni jambo la kumpelekea daktari, si la kumaliza mwenyewe kwa kuacha kidonge.

Kwenye daftari la baba nimechora safu mbili, K ya kukaa na S ya kusimama. Siku ya kliniki tunaweka daftari mezani kabla hajaulizwa lolote. Mashine za mkono wa juu ni bora kuliko zile za kifundo cha mkono, na mkinunua, nendeni nayo kliniki siku moja mkalinganishe na ya pale.

Hatua ya 2: Vimwage vidonge vyote mezani

Vyote. Si vya presha peke yake. Vya tezi dume, vya mgongo, vya usingizi, ile chupa ya mitishamba aliyoleta shangazi kutoka Rombo, na vile vya kuongeza nguvu za kiume ambavyo mzee amevificha kwenye mfuko wa koti. Hivyo vya mwisho watu wanaficha sana, na vinashusha presha kweli. Kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti vinaweza kuua.

Sasa angalia kimoja kimoja.

Dawa ya kukojoza inywewe asubuhi, isipokuwa daktari amesema vingine. Ukiinywa saa mbili usiku utaamka saa saba kwenda chooni, gizani, na usingizi machoni. Nimeona watu wakinywa dawa zote jioni kwa kuwa ndiyo saa wanayokumbuka, na hakuna aliyewaambia kuwa hii moja ina saa yake.

Amlodipini, dawa ya presha, inavimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Yenyewe si hatari kubwa, lakini fuata mnyororo: miguu imevimba, viatu havipiti, mama anahamia kandambili za mwanaye zilizolika kisigino, mvua ya mwezi wa nne inanyesha, uwanja ni utelezi mtupu. Mwaka uliopita nilimuuliza mama mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa amevaa nini. Akanionyesha. Yeboyebo mbili, za rangi tofauti, zote za kushoto. Miguu ikivimba mwambie daktari, dawa mbadala zipo.

Dawa za tezi dume nyingi zinalegeza mishipa na kushusha presha mtu anaposimama, hasa dozi za mwanzo. Daktari wa tezi na daktari wa presha mara nyingi ni watu wawili wasioonana. Kazi ya kuwakutanisha ni yako, kwa karatasi.

Diklofenaki na ndugu zake, zile za mgongo na magoti, zinapandisha presha na kuumiza figo zikitumika mfululizo. Mtu anameza ya kushusha asubuhi na ya kupandisha mchana, halafu analalamika kliniki haimsaidii.

Dozi zilizorukwa hazilipwi. Mgonjwa anakaa wiki mbili bila dawa, kesho ni kliniki, usiku anameza za siku tatu ili aonekane amenywa. Huyo akiinuka alfajiri kwenda kupanga foleni, sitashangaa akiletwa na machela. Na dawa nyingine, kama atenololi, zikikatizwa ghafla moyo unaweza kurudi kwa kishindo, kwa hiyo zikikaribia kuisha nenda duka la dawa kabla hazijaisha.

Halafu kuna wiki sita za mwanzo. Wazee wa Ontario, Kanada, walipofuatiliwa katika utafiti uliochapishwa 2012, ndani ya siku 45 baada ya kuanza dawa za presha hatari yao ya kuvunjika nyonga ilikuwa juu kwa asilimia 43. Mwili unazoea presha mpya. Kwa hiyo mzee akianzishiwa dawa, au dozi ikipandishwa, hesabu wiki sita kwenye kalenda na katika muda huo asipande kitu, asiendeshe mbali, asiachwe peke yake usiku wa kwanza kwanza. Hii haina maana dawa ni mbaya. Miaka inayofuata ndiyo dawa inamlipa.

Hatua ya 3: Jifunze kuinuka upya

Mtu mzima kufundishwa kuinuka, baba yangu alicheka. Akafanya hata hivyo.

Kutoka kitandani: ukiamka, kaa ukingoni, miguu chini. Kanyaga-kanyaga vidole na visigino mara kumi, kunja ngumi na kukunjua. Dakika moja au mbili. Simama ukiwa umeshika kitu, hesabu mpaka kumi, ndipo utembee. Ukihisi kichwa chepesi, rudi ukae, usijikaze kiume. Glasi moja au mbili za maji kabla ya kuinuka asubuhi zinasaidia, isipokuwa kama umeambiwa upunguze maji kwa ajili ya moyo au figo.

Choo cha kuchuchumaa kinahitaji maneno yake. Umechuchumaa dakika kadhaa, umejikamua, halafu unasimama mara moja: hapo presha inaweza kushuka sana. Fundi achomeke bomba la chuma au gogo imara ukutani, usawa wa kiuno, ni kazi ya asubuhi moja. Aliye na uwezo aweke choo cha kukaa, au kile kiti cha mbao chenye tundu ambacho fundi seremala yeyote wa Majengo anakitengeneza ukimchorea. Usiku wanaume wakojoe wakiwa wamekaa. Na kama choo kiko nje, mbali na nyumba, weka ndoo yenye mfuniko chumbani. Mzee atakataa. Mwambie hata maaskofu huzeeka.

Mlango wa bafuni usifungwe kwa komeo la ndani. Weka pazia, imba ukiwa ndani, fanya utakavyo, lakini aliyeanguka nyuma ya komeo anapotea dakika ishirini huku vijana wanatafuta nyundo. Ukiweza, mlango ufungukie nje, kwa sababu mtu akiangukia mlango unaofungukia ndani hausukumiki. Maji ya moto sana yanafungua mishipa na kushusha presha, kwa hiyo yawe vuguvugu, na aoge amekaa kwenye stuli ya plastiki.

Kanisani na msikitini pia. Baada ya kupiga magoti muda mrefu au kusujudu, inuka kwa kituo. Kwenye mazishi, kusimama juani saa nzima na tumbo tupu kumewaangusha wengi. Chukua kiti, hakuna atakayesema humlilii marehemu.

Hatua ya 4: Shambani na juu ya mti

Kwenye kihamba, shamba letu la kuzunguka nyumba, mwanaume ana tabia ya kuona mti ni wake mpaka kufa. Anapanda mgrevilea kukata matawi ya kivuli, anapanda mparachichi, anapanda kukatia ng'ombe majani, akiwa na miaka 68 na panga kiunoni. Kutoka juu ya mti hata kizunguzungu cha sekunde tano kinatosha. Kwa mwenye presha anayepata kizunguzungu, kupanda mti kumekwisha. Si kupunguza, kumekwisha. Hiyo ndiyo sheria pekee katika mwongozo huu nisiyoijadili na mtu.

Yanayobaki ni ya kupanga tu. Usifanye kazi ya kuinama na kuinuka saa ambayo dawa ya asubuhi imekolea na hujala. Palilia ukiwa umekaa kwenye kigoda. Panga na jembe viwekwe chini kabla hujainuka, maana ukianguka nacho mkononi unaumia mara mbili. Kuvuka mfongo kwenye gogo moja wakati wa masika, waachie watoto. Walio tambarare, upande wa mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, joto la Januari na Februari linakausha mwili upesi, na mwenye dawa ya kukojoza anakauka upesi zaidi. Beba maji. Siku ya kuhara au kutapika piga simu kliniki uulize kama uendelee na dawa hiyo, usisubiri uone.

Mbege nitaisema haraka kwa sababu kila mtu anaijua. Pombe inapandisha presha ya miezi na kushusha presha ya saa ile, na inamnyima mtu miguu. Kama hutaacha, basi punguza, kunywa umekula, na usirudi peke yako kwa njia ya korongoni. Tukiwa hapo hapo kwenye chakula: magadi ya kiburu na makande nayo ni chumvi ya aina yake, ina sodiamu. Watu wameacha chumvi ya mezani kwa nidhamu kubwa halafu wanakoroga magadi kijiko kizima.

Anayefunga, Ramadhani au Kwaresima, akaonane na daktari wiki mbili kabla ili saa za dawa zihamishwe. Asihamishe mwenyewe.

Hatua ya 5: Barabarani

Dereva mmoja wa Hiace ya Moshi–Arusha aliwahi kuniambia bila kificho kwa nini hanywi dawa yake ya kukojoza. "Nesi, kutoka stendi mpaka Arusha nikisimamisha gari mara mbili nikachimbe dawa, abiria watanishusha mimi. Na hesabu ya tajiri iko pale pale." Ana haki ya kulalamika. Ila jibu lake lilikuwa kuacha, na presha yake siku hiyo ilikuwa 190 kwa kitu. Daktari alipoambiwa ukweli alimbadilishia dawa. Dakika tano za mazungumzo. Dereva, sema kazi yako unapoandikiwa dawa.

Ukianzishiwa dawa mpya au dozi ikipanda, kaa siku kadhaa bila kuendesha mpaka uone inakuchukuaje, tafuta deiwaka, dereva wa kukushikia. Kichwa kikiuma kwa nguvu, macho yakiona ukungu au vitu viwili, mkono ukifa ganzi, kifua kikibana, gari linakwenda pembeni, si mpaka kituo kinachofuata. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi pamoja na dalili kama hizo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, na si wewe wa kuendesha kwenda huko.

Mke wako akisema unakoroma mpaka unakata pumzi, halafu mchana unasinzia ukiwa umekaa, mwambie daktari maneno hayo hayo. Ukoromaji wa aina hiyo unakwenda pamoja na presha isiyosikia dawa, na ndio huo huo unaomfanya dereva afumbe macho kwenye barabara iliyonyooka ya Boma Ng'ombe.

Abiria wa bodaboda avae kofia, akae kwa kupanua miguu, asikae upande; mwenye kizunguzungu akikaa upande hana cha kushika. Kwenye daladala usisimame kabla gari halijasimama kabisa, konda apige kelele anavyotaka. Na Desemba, tunapopanda wote kutoka Dar kuja nyumbani "kuhesabiwa", dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililo chini ya basi. Mkisimama Korogwe au Same baada ya saa nyingi za kukaa, chezesha miguu kwanza ndipo ushuke ngazi za basi.

Hatua ya 6: Ameanguka. Fanya nini?

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kumnyanyua. Usimnyanyue. Jambo la pili ni kumpa maji ya sukari. Usimpe. Kama amepata kiharusi kumeza kunaweza kuwa kumeharibika, na maji yataingia kwenye mapafu.

Angalia saa, itamke kwa sauti ili mwingine akumbuke: "Saa nne na robo." Mwite. Kama hajibu na hapumui vizuri, piga kelele ya msaada na anza kubana kifua kama unajua. Kama anapumua ila hajitambui, mgeuze alale ubavu, isipokuwa ameanguka kutoka juu na shingo inatiliwa shaka. Hapo kichwa na mwili vigeuzwe pamoja, na watu zaidi ya mmoja.

Kama anajitambua, mwambie atabasamu: mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Aseme jina lake na la kijiji: maneno yanaburuzika? Moja tu likiwepo, ni kiharusi mpaka hospitali iseme vingine. Usimpe aspirini, kwa sababu kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa uliopasuka na aspirini itazidisha damu. Usimpasulie nifedipini, kidonge cha kushusha presha, chini ya ulimi, desturi ya zamani hiyo, inashusha presha kwa kasi na ubongo unakosa damu. Mashine ikisoma 200 wakati wa kiharusi, waachie wao washushe.

Angalia majeraha pia, maana presha inaweza kukufanya usahau kuwa mtu amevunjika. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine na wayo umegeukia nje, nyonga imevunjika, asikanyage. Akiwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au hata aspirini ya kila siku, na kichwa kimegonga, anakwenda hospitali hata kama anacheka na kuomba chai. Damu ndani ya fuvu la mzee inaweza kuvuja polepole, na dalili zikaja baada ya siku au wiki: kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida.

Mgonjwa asibebwe kwa bodaboda katikati ya watu wawili. Tafuteni gari, alazwe. Kwa upande wetu wengi hukimbilia hospitali za Mawenzi au KCMC, na Arusha ile ya Mount Meru. Kwa kichwa na kiharusi ulizeni mapema ni wapi kipimo cha CT, kile cha kupiga picha ya ndani ya kichwa, kinafanya kazi siku hiyo, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kama ni damu au ni mshipa ulioziba. Bebeni vidonge vyake vyote kwenye mfuko, na daftari. Namba ya simu ya jirani mwenye gari iandikwe ukutani leo, kwa maandishi makubwa.

Hatua ya 7: Wiki moja baadaye, uliza kilichotangulia

Mfupa umefungwa, watu wamemaliza kuja kumwona, kila mtu anasema Mungu ni mwema. Sasa kaa naye. Alikuwa akifanya nini dakika ile? Alikuwa ametoka kuinuka? Alikula? Alikuwa amekunywa dawa gani, saa ngapi, na kuna mpya? Macho yaliingia giza kabla, au alijikuta chini tu? Moyo ulidunda ovyo? Aliteleza akiwa na akili zake timamu? Andika majibu jinsi alivyoyasema. Aliyeona giza baada ya kuinuka, aliyeanguka bila onyo lolote na aliyeteleza kwenye tope ni wagonjwa watatu tofauti mbele ya daktari.

Kwa baba, majibu yalikuwa wazi mno hata nikaona haya: dawa ya tezi aliyoanza wiki tatu kabla, kwa daktari mwingine, ambayo mimi nesi wa familia sikuwa na habari nayo. Ilibadilishwa. Zile za presha aliendelea nazo. Jumapili iliyopita K ilikuwa 136 kwa 80, S ilikuwa 128 kwa 78. Mti hapandi tena. Anakaa kwenye kigoda chini ya mparachichi na fimbo yake, mjukuu yuko juu, na mzee anapiga kelele kijiji kizima kinasikia, "Si tawi hilo, wewe! Hilo lingine!"